Roketi Ndogo Huundwa Ili Irudi

Kupaa ni kazi ya injini, na injini hununuliwa dukani. Inawaka sekunde moja au mbili, basi, imemaliza. Kinachobaki baada ya hapo, yaani roketi kwenda wima, parachuti kutoka kwa wakati wake na mwili kutua mzima ili urushwe tena siku hiyohiyo, hicho ni kazi ya aliyekaa mezani na gundi na msasa. Ndiyo maana katika maelezo haya tutakaa zaidi kwenye mambo ambayo mgeni wa fani huyapitia haraka: kishikio cha injini, lastiki, pua, kukunja parachuti, na ile tarakimu ya mwisho kwenye jina la injini.

Wazo lenyewe la roketi hizi lilizaliwa na parachuti ndani yake. Mwaka 1954, Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, Nebraska, alishirikiana na ndugu yake Robert kuunda roketi ya karatasi waliyoiita Rock-A-Chute. Ilikuwa na mambo mawili mapya: injini ya baruti unayoitoa ikishaungua na kuweka nyingine, na parachuti inayosukumwa nje na baruti ya injini ileile. Mwaka 1957 Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, ikarushwa na Wasovieti, na vijana wengi wa Marekani wakaanza kushindilia kemikali kwenye mabomba ya chuma. Wapo waliopoteza vidole, wapo waliopoteza maisha. Mapema mwaka huohuo Carlisle alikuwa amemtumia roketi zake G. Harry Stine, aliyefanya kazi kwenye uwanja wa majaribio wa White Sands, New Mexico, na Stine akaona jibu liko pale: injini itengenezwe kiwandani, kijana aunde kilichobaki. Baadaye Vernon Estes akabuni mashine ya kushindilia injini kwa kasi, akaipa jina Mabel, na mwaka 1961 kampuni yake ikahamia Penrose, Colorado.

Kanuni iliyotoka hapo haijabadilika. Injini haitengenezwi nyumbani, haifunguliwi, haichokonolewi, haiongezwi kitu. Ukikutana na mtu mtandaoni anayefundisha kupika mafuta ya roketi kwa sukari kwenye sufuria, ujue hiyo ni shughuli nyingine kabisa, na haifai kwa mtoto wala kwa mtu mzima anayejifunza peke yake.

Tuchukue Alpha ya Estes, seti iliyowafundisha watu tangu miaka ya 1960. Ina urefu wa kama sentimita 31 na kipenyo cha karibu milimita 25. Ndani ya paketi kuna bomba la mwili la karatasi ngumu, pua, bomba fupi la injini, ndoano ya chuma chembamba, pete za karatasi, ubao mwembamba wa balsa (mbao nyepesi sana) wenye mapezi matatu yaliyokwishachongwa kwa leza, mrija mdogo wa kupitishia fimbo ya kurushia, lastiki, na parachuti ya plastiki ya sentimita 30. Injini na vifaa vya kurushia havimo, vinanunuliwa kando. Wewe utahitaji gundi ya mbao, kisu chenye wembe mpya, msasa namba 220 na namba 400, penseli, rula, na tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi. Usitumie gundi ya papo kwa papo kwenye maungio makubwa: inashika haraka, lakini ikishakauka ni kavu kama kioo, na pezi likigonga ardhi linabanduka.

Anza na kishikio cha injini, kwa sababu nguvu yote ya roketi hupitia hapo. Ndoano, inayoishika injini isitoke nyuma, huingia kwenye mkato mdogo karibu na ncha ya mbele ya bomba la injini. Mbele yake, ndani ya bomba, inakaa pete nene inayozuia injini isipande juu. Pete hiyo ikilegea, injini ikiwaka itapenya ndani ya roketi na kutokea puani. Weka gundi ya kutosha. Pete mbili za nje ndizo zinazoshika bomba la injini katikati ya mwili, na hizi nazo zina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui: zinaziba. Baruti ya kutupa parachuti ikiripuka, gesi yake inatakiwa kwenda mbele tu. Palipo na upenyo kando ya pete, gesi inarudi nyuma, pua haitoki, roketi inakuja chini kama msumari. Kwa hiyo pitisha gundi kuzunguka ukingo wote wa kila pete, mbele na nyuma, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuendelea.

Kuingiza kishikio ndani ya mwili ndipo wengi wanapokwama, tena kukwama kwenyewe. Gundi ya mbao ikikutana na karatasi kavu, maji yake yananyonywa, karatasi inavimba na kila kitu kinanasa ndani ya sekunde chache. Pima kwanza bila gundi. Pete ikibana, ipige msasa mpaka iteleze bila kulazimishwa. Weka alama kwenye kijiti ili ujue gundi inafika umbali gani ndani, paka duara moja la gundi hapo, kisha sukuma kishikio kwa mwendo mmoja usiosimama mpaka mahali pake. Ganda la injini iliyokwisha kutumika linafaa sana kama mpini. Ukisimama katikati kutazama kama umefika, umeshachelewa.

Mapezi yanahitaji subira. Yatoe kwenye ubao kwa wembe, usiyavunje kwa vidole, kwani balsa hupasuka kufuata nyuzi zake. Yapange matatu pamoja, yabane, uyapige msasa kwa pamoja ili yalingane. Kisha kila moja peke yake: ukingo wa mbele uviringwe, wa nyuma upunguzwe, lakini ukingo unaogusana na mwili uachwe bapa. Ukiuviringa huo, gundi haina pa kushika.

Kwenye mwili, alama za mapezi huwekwa kwa kuzungushia karatasi ya kipimo iliyomo kwenye seti. Kurefusha alama hizo ziwe mistari iliyonyooka juu ya bomba la duara, rula peke yake itakudanganya. Laza bomba kwenye pembe ya fremu ya mlango au ya droo, na mstari uupige ukiegemeza penseli kwenye ukingo wa fremu. Halafu gundi mara mbili. Paka nyembamba kwenye pezi na kwenye mstari, gusanisha, tenganisha, subiri dakika chache ikaukie. Paka tena nyembamba, gandamiza, shika kwa dakika moja. Safu ya kwanza imeshaingia kwenye nyuzi za mbao na karatasi, kwa hiyo ya pili inashika upesi na kwa nguvu. Tazama kutoka nyuma kabla haijakauka: mapezi yawe nyuzi 120 kutoka moja hadi jingine, na kila moja lisimame wima juu ya mwili. Pezi lililopinda kidogo huizungusha roketi na kuipunguzia kimo. Lililopinda sana huipotosha njia.

Yakikauka, jaza kona kati ya pezi na mwili kwa mchirizi wa gundi na uulainishe kwa ncha ya kidole. Laza roketi ili mchirizi usitiririke, maana yake utafanya upande mmoja, usubiri, ugeuze. Hapa pasiharakishwe. Roketi zikirudi zimevunjika pezi, mara nyingi kona hizi hazikujazwa. Mrija wa fimbo unabandikwa katikati ya mapezi mawili, sambamba kabisa na mwili. Chungulia ndani yake uone kama njia ni nyoofu, na ukipaka rangi baadaye, uzibe usijae rangi.

Sasa lastiki, inayounganisha pua na mwili. Inafungwa ndani ya kipande cha karatasi kinachokunjwa mara tatu kwa gundi, kisha kinabandikwa ndani ya mdomo wa bomba. Kibandike angalau sentimita 3 ndani, la sivyo shingo ya pua itakigonga na haitaingia. Lastiki ya seti aghalabu ni fupi kuliko inavyofaa. Baruti inairusha pua kwa nguvu, lastiki fupi inavutika, inairudisha pua kwa kasi, na pua inabonyeza mdomo wa bomba. Ibadilishe kwa lastiki ya fundi cherehani, upana milimita 6, urefu mara tatu ya mwili. Mpira huchoka kwa joto na kwa umri, kwa hiyo kabla ya kila siku ya kurusha uvute utazame nyufa.

Pua isibane, isicheze. Ukiishika roketi kwa pua, mwili usianguke. Ukipuliza kwa mdomo kutokea nyuma, pua itoke. Ikilegea, zungushia shingo yake tepu. Ikibana, msasa. Jaribio hili ni la sekunde kumi na linaokoa roketi nyingi kuliko urembo wowote. Rangi nayo ipakwe nyepesi, kwanza nyeupe ya chini, kisha ya machungwa au njano kali, kwa sababu utaitafuta kwenye majani. Kila tabaka ni uzito, na uzito wa nyuma ndio mbaya zaidi.

Kwa nini wa nyuma? Roketi ina sehemu mbili zinazoshindana. Kitovu cha uzito ni pale inapokaa sawa juu ya kidole. Kitovu cha kanieneo ni pale ambapo nguvu yote ya hewa inayoisukuma ubavuni inahesabika kukaa, na mapezi ndiyo yanayokivuta nyuma. Cha uzito lazima kiwe mbele ya cha kanieneo, angalau kwa kipenyo kimoja cha mwili. Kwa Alpha ni kama sentimita 2.5. Hapo roketi ikiyumba, hewa inausukuma mkia urudi kwenye mstari. Ikiwa kinyume, inabiringika angani injini ikiwa bado inawaka, na hakuna anayejua itaelekea wapi. James Barrowman, mhandisi wa NASA, alitoa mwaka 1966 njia ya kukokotoa kitovu cha kanieneo kwa penseli na karatasi, na leo programu ya bure ya OpenRocket inafanya hesabu hiyo kwa dakika.

Alpha iliyoundwa kama ilivyoelekezwa haina shida hii. Lakini ukishabadilisha kitu, ukarefusha mwili au ukapunguza mapezi, ijaribu kwa kamba. Iweke injini nzito kuliko zote unazokusudia kutumia, parachuti na kila kitu ndani, tafuta inapokaa sawa, funga kamba hapo na uishike kwa tepu, kisha izungushe juu ya kichwa kwa kamba ya mita mbili na zaidi. Ikitangulia pua, iko salama. Ikienda mkia mbele au ubavu, bandika udongo wa plastisini ndani ya pua na ujaribu tena.

Tufike kwenye jina la injini. Chukua B6-4. Herufi ni jumla ya msukumo: A inaishia nyutoni-sekunde 2.5, B inaishia 5, C inaishia 10, kila herufi ikiwa na uwezo wa kufika mara mbili ya iliyotangulia. Tarakimu ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, hapa 6. Ya mwisho ni sekunde za kungoja baada ya mafuta kwisha kabla parachuti haijatupwa, hapa 4. Ndani ya ganda la karatasi lenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 70 kuna, kutoka nyuma kwenda mbele, tundu la udongo mgumu, baruti iliyoshindiliwa, dawa ya kungojea inayoungua polepole huku ikitoa moshi, na baruti kidogo ya kutupa parachuti. Ni mafuta makavu, na tabia yake ni ileile iliyokuwa kwenye roketi kubwa ya Scout, iliyopeleka setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970: yakishawaka, hayana swichi ya kuzimia.

Tarakimu ya mwisho ndiyo inayochaguliwa vibaya. Injini ikizima, roketi bado inapanda kwa kasi yake, na parachuti inatakiwa ifunguke ikiwa imefika juu kabisa, karibu imesimama. Kungoja kukiwa kufupi, parachuti inafunguka roketi ikiwa mbioni: nyuzi zinakatika, au kamba inapasua bomba kutoka mdomoni kushuka chini kama zipu. Kukiwa kurefu, imeshageuka na inakuja kwa pua. Roketi nzito hupanda kwa muda mfupi, hivyo inataka tarakimu ndogo. Nyepesi inataka kubwa. Kwa Alpha anza na A8-3, kisha B6-4. C6-5 na C6-7 zingoje uwanja mkubwa, kwa sababu hapo inaweza kukaribia mita 300. Na usinunue C6-0 kwa roketi ya hatua moja. Sifuri inamaanisha haina kungoja wala baruti ya parachuti. Ni injini ya hatua ya chini kwenye roketi zenye ngazi mbili.

Ukubwa wa uwanja unafuata herufi. Kwa kanuni za usalama za chama cha roketi ndogo cha Marekani, NAR, upande mfupi wa uwanja usipungue mita 30 kwa A, 60 kwa B na 120 kwa C. Hicho ni kiwango cha chini, wala hakikuhakikishii kuipata roketi. Fanya hesabu: parachuti ya sentimita 30 inashusha roketi ya gramu 35 kwa kama mita 3.3 kwa sekunde. Kutoka mita 150 ni sekunde 45. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ule unaotikisa matawi madogo, utakuwa umeipeleka mita 180. Dawa yake ni kukata tundu la sentimita 5 katikati ya parachuti, au kuzungushia tepu kwenye nusu ya nyuzi zake ili isifunguke yote. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa hakuna kurusha. Roketi ikinasa kwenye nyaya za umeme, ni ya nyaya. Usiifuate.

Uwanjani, kwanza karatasi za kinga, zile zisizoshika moto, zinazoikinga parachuti na gesi ya moto ya injini. Finyanga vipande 3 au 4 kilegevu, vijaze kama sentimita 5 za bomba bila kushindilia. Karatasi ya choo ya kawaida isitumike hata kama inafanana nazo, kwani inatoka ikiwa na cheche na kuangukia majani makavu. Juu yake parachuti. Ikunje dakika ileile ya kurusha, usiikunje jana yake, maana plastiki hushika mkunjo. Ipake poda ya mtoto isigandamane, ikunje iwe mkuki mwembamba, iviringe, zungushia nyuzi mara chache bila kukaza. Ikiwa lazima uisukume kwa kidole ili iingie, haitatoka. Ifungue uanze upya.

Kiwashio, waya mwembamba unaowashwa kwa umeme wa betri, kinaingizwa kwenye tundu la injini mpaka kiguse baruti, kisha kizibo cha plastiki kinakibana hapo. Roketi zinazogoma kuwaka, nyingi kosa liko hapa: kiwashio kilirudi nyuma milimita mbili, kikaungua peke yake. Makosa mengine ni vibanio vya waya kugusana au kugusa bamba la chuma la chini, vibanio vyenye masizi (visugue kwa msasa), na betri zilizochoka. Fimbo ya kurushia ina kipenyo cha milimita 3 na urefu wa kama sentimita 90, na ncha yake ifunikwe wakati wote usiporusha, ili mtu akiinama asijitoboe jicho. Usiiinamishe zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima. Kwatua majani makavu kuizunguka.

Ufunguo wa usalama, ule unaoruhusu umeme kwenye swichi ya kurushia, ukae mfukoni mwako unapounganisha waya, sio kwenye swichi. Watu wote wasimame mita 5 nyuma kwa injini hadi D, mita 9 kwa kubwa zaidi. Hesabu kwa sauti kutoka 5. Ikigoma, toa ufunguo na usubiri sekunde 60 kabla ya kusogea.

Kupima kimo hakuhitaji kifaa cha bei. Mtu asimame mita 100 kutoka kwenye fimbo na kipimapembe cha shule chenye uzi na kijiwe, asome pembe ya kilele kutoka usawa wa ardhi. Nyuzi 45 ni mita 100. Nyuzi 60 ni mita 173. Yeyote mwenye jedwali la tanjiti atapata zilizobaki.

Kwa aliyeko Ulaya au Marekani anayetaka kumpelekea mpwa wake zawadi nyumbani: seti bila injini inasafiri kama toi jingine lolote, lakini injini haziruhusiwi kwenye ndege, si mkononi si kwenye begi la chini. Kwa kanuni za usafirishaji ni vilipuzi, na kuziingiza nchini kunaweza kuhitaji kibali. Usijaribu kuzificha. Wakati huo mpwa anaweza kuunda Alpha, kuitafutia kitovu cha uzito na kuizungusha kwa kamba, na hilo ni somo tosha la fizikia.

Ikishatua, toa ganda la injini mapema, kwa kuwa masizi yake yanakula karatasi. Chungulia ndani ya bomba kama kuna palipoungua, kagua nyuzi na lastiki, bonyeza kila pezi taratibu. Injini zilizobaki zihifadhiwe pakavu na penye ubaridi, kamwe zisiachwe ndani ya gari juani: baruti iliyoshindiliwa ikipata joto na baridi kwa zamu hupata ufa, na injini yenye ufa huripuka ikiwashwa. Iliyoanguka kwenye sakafu ngumu nayo isitumike. Mwisho andika kwenye daftari injini uliyotumia, upepo, na roketi ilikuwa inafanya nini parachuti ilipotoka: ikiwa ilikuwa bado inapanda, safari ijayo chukua tarakimu kubwa zaidi, ikiwa ilikwisha kugeuka, chukua ndogo.